Gari Lililomeza "Ba"

Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu wenye mvi, watu waliokwisha kuwa mabalozi au angalau wakuu wa shule. Mimi nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne hapa Kilosa, na cheo changu kikubwa mpaka leo ni ukiranja wa vyoo, niliopewa kama adhabu. Lakini mwezi uliopita Fundi Yeremia alifariki, nikapewa ruhusa ya siku mbili kwenda Mikumi kuzika, na kule nyuma ya nyumba, kwenye jiko la msiba, nikasikia maneno yaliyonifanya nishike kalamu kabla ya mvi ya kwanza. Kina mama walikuwa wanachambua mchele. Mimi nilipangiwa vitunguu, kwa hiyo nililia kuliko wafiwa. Mama Chausiku, yule anayeuza mboga karibu na stendi, akasema bila kuinua macho kwenye ungo, "Marehemu alikuwa fundi, hilo hatubishi. Ila kiburi, Mungu amsamehe. Miaka mitatu nampitia asubuhi na beseni langu kichwani, nampa shikamoo yake, hajaitika hata siku moja." Mwenzake akaguna: "Afadhali wewe mtu mzima. Mwanangu alirudi analia. Kamwamkia babu wa watu, babu kimya kama gogo." Wa tatu akaongeza, "Na yale mambo yake ya jioni, ya kuongea na barabara?" Hapo wote wakasema marehemu hasemwi, sentensi ambayo watu huitoa wakishamaliza kumsema. Mimi nilikuwa na kisu mkononi na siri mdomoni. Siri hiyo nilikuwa nimeitunza miaka miwili, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini, maana mimi hata majibu ya mtihani siwezi kuyatunza mpaka nifike kwenye chumba cha mtihani.

Mwaka ninaousema ni ule niliokuwa kidato cha pili. Ya ukoo wetu nayaruka. Ni marefu na hayana hata gari moja ndani yake. Niliishi Mikumi kwa Mama Mdogo Rehema, mwenye banda la chakula pembeni mwa barabara kuu, na kati ya banda letu na gereji ya Fundi Yeremia palikuwa na ukuta mmoja tu wa mabati, wenye matundu ya misumari kama ungo. Moshi wetu uliingia kwake, harufu ya grisi yake iliingia kwenye maharage yetu, madereva wa malori wakala wakasifia kwamba maharage ya Mama Rehema yana kitu. Kupitia matundu yale niliona gereji yote: shimo la kuingilia chini ya magari lililofunikwa kwa mbao, ringi zisizo na wenzake zikining'inia ukutani, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyethubutu kuitoa kwa kuwa ndiyo ilikuwa imeziba upepo, na Fundi mwenyewe, mrefu, mkavu, amevaa ovaroli ambalo ukilivua lingeweza kusimama peke yake. Kila jioni saa kumi na mbili alifunga mlango, akageuka kuikabili barabara, akavua kofia, akasema "Marahaba." Barabara tupu. "Marahaba. Marahaba." Kisha akavaa kofia akaenda zake. Watu walisema anaamkiwa na wasioonekana. Mimi nilisema safi sana, nikaiongeza sauti ile kwenye mkusanyiko wangu, maana tayari nilikuwa naiga mbuzi, trekta, mchungaji na mwalimu wa zamu.

Kuiga ndiko kulikonifikisha pale. Mwezi wa sita nilisimama nyuma ya dirisha la ofisi nikatoa sauti ya mkuu wa shule: "Wanafunzi wote, leo hakuna vipindi vya mchana, nendeni nyumbani kwa utaratibu." Wakaenda. Kwa utaratibu. Hata walimu wawili walichukua mikoba yao. Nikasimamishwa wiki mbili, na Mama Mdogo, badala ya kunichapa, akanikabidhi sinia la chai na chapati. "Kipaji chako kikapeleke chai gereji," akasema. "Na ukamwamkie mzee vizuri, hata kama hatakuitikia. Salamu ni mali yako, si yake."

Siku ya kwanza nilimkuta ameinama kwenye injini ya kanta, lile lori dogo, mgongo kwangu, na amefanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinasimama. Alikuwa ameuma mpini wa bisibisi ndefu. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye chuma cha injini inayonguruma, mpini kati ya meno, macho amefumba, na anatembeza ncha ile polepole, hapa, pale, kama daktari na kipimo chake cha kifuani. Akafika mahali akasimama. Akatoa bisibisi mdomoni, akazima injini, akafungua mahali pale pale na kutoa kichuma kilichoisha upande mmoja. Sikuwa nimewahi kumwona mtu akisikiliza kwa meno. Mwaka huu mwalimu wa fizikia ametufundisha kwamba sauti hupita vizuri zaidi kwenye vitu vigumu kuliko hewani, nikanyoosha mkono nikauliza, "Hata kwenye meno, mwalimu?" Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nimerudi pale mlangoni na sinia langu, mdomo wazi.

Sasa ule mdomo wazi, kwa kuwa ni wangu, haukukaa wazi bure. "Shikamoo," nikasema. Kimya. "Shikamoo, Fundi." Kimya. Nikasema, kwa adabu ile ile, "Shikamoo, ngedere mzee." Akaendelea kupangusa spana. Nikasema, "Shikamoo, mlinzi wa shimo." Hakuna kitu. Nikaona ndiyo kiburi chenyewe wanachokisema. Nikaliweka sinia juu ya ukingo wa pipa kwa hasira, sinia likateleza, vikombe vitatu vya bati na birika vikaanguka kwenye sementi kwa kishindo kilichoamsha mbwa wa jirani. Fundi Yeremia hakugeuka. Hata bega halikushtuka. Nikasimama pale, chai inanipita kwenye vidole vya miguu, na ucheshi wote ukanitoka. Nikazunguka mpaka mbele yake. Aliponiona uso ukachanua. "Shikamoo," nikasema, taratibu. "Marahaba, mwanangu! Umekuja zamani?"

"Fundi," nikasema, "husikii."

Akaiweka spana chini. Akaangalia mlangoni kama kuna mtu, akaangalia mdomo wangu, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa akiangalia midomo ya watu, si macho. "Nasikia kidogo," akasema. "Miaka arobaini ya kugonga chuma, mwanangu. Masikio ni kama plagi, nayo yanachoka."

"Nimekuita ngedere."

"Mara ngapi?"

"Moja tu."

"Basi una heshima," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. Akanieleza kwa sauti ya chini, ya mtu asiyejua tena sauti ya chini ni ipi, kwa hiyo nilimwashiria ashushe zaidi. "Usimwambie mtu. Hata mama yako mdogo. Fundi mwenye kiburi analetewa gari huku anatukanwa. Fundi kiziwi anaonewa huruma, na gari linapelekwa kwingine. Umenielewa? Bora kiburi. Nikishakufa tangaza, hata kwa spika za mnadani." Nikaapa. Akaniita Kasuku kuanzia siku hiyo. Na niliporudi shule niliendelea kupeleka chai kila Jumamosi, na likizo zote, kwa hiari yangu, jambo lililomtia Mama Mdogo wasiwasi wa kunipeleka kuombewa.

Wateja walikuwa wanapungua. Hiyo niliiona kwa macho. Mwezi wa tisa gereji ilikuwa na magari mawili, yote maiti, na bisibisi ilikaa siku nzima bila kuumwa. Ndipo akaja Daktari Elieza. Huyu ni mganga mstaafu wa hospitali, mtu wa pande za Berega aliyehamia Kilosa, mzee wa suti ya kaki na maneno yaliyopigwa pasi. Aliletwa na gari ambalo hadi leo nikiliota nalala vizuri: jekundu, la mbio, la milango miwili, taa zake zinalala ndani ya boneti na ukiziwasha zinafumbua kope. Rangi ilikuwa ya nyanya iliyolala, na lilikuwa chini kiasi kwamba mbuzi wa Mama Chausiku alilitazama kutoka juu kwa dharau. Umri wake ulizidi wangu mara mbili na ushee. Nilizunguka mara tatu bila kusema utani wowote. Mama Mdogo akaniuliza kupitia tundu la msumari kama ninaumwa.

"Fundi," akasema Daktari, baada ya salamu zao ndefu, uso kwa uso, "gari langu linasita. Nikitaka kulipita lori nakanyaga mafuta, linasita. Nimelipeleka Dar, wamebadilisha plagi na nyaya zake. Nimelipeleka Morogoro, wameweka pampu mpya ya mafuta na kusafisha kabureta. Linasita. Tatizo lilianza Ulaya, kwa hiyo wote wananiambia niagize vifaa huko huko. Nimekuja kwako kwa sababu niliambiwa una kiburi lakini unajua. Ukishindwa wewe nalifunika turubai, siendeshi tena. Nimebakiwa na starehe hiyo moja tu." Alisema hivyo akipapasa paa la gari. Watu wa stendi walikuwa wamejaa mlangoni. Mmoja akasema nyuma ya Fundi, kwa kuwa nyuma ya Fundi ndiko kila mtu alikokuwa jasiri, "Hili likimshinda, na afunge."

Likiwa limesimama lilinguruma safi. Fundi aliuma bisibisi yake, akalipima kuanzia mbele hadi nyuma, akatikisa kichwa. Halikuwa na kitu. Lilikuwa kama mimi: tumbo huniuma siku ya mtihani tu. Ugonjwa wake ulikuwa wa barabarani, kwenye mlima, mzigo ukiwa juu yake, na huko bisibisi haiwezi kufika. Huwezi kuuma injini ya gari linalokimbia. Fundi akaniangalia. Akaniita nyuma ya kanta na kunipa somo fupi kuliko yote niliyowahi kupewa, na ndilo pekee ninaloweza kulirudia neno kwa neno.

"Sikiliza, Kasuku. Ukikanyaga mafuta, umelisalimia gari. Umelipa shikamoo. Gari zima linaitika marahaba, hapo hapo, neno zima. Sasa likikaa kimya kwanza, ndipo likaitika, hilo limechelewa kusikia: tafuta upepo, tafuta moto wa plagi. Likiitika huku linakohoa, lina uchafu kooni. Lakini likiitika vizuri halafu likameza mwisho wa neno, hilo lina njaa. Mafuta hayafiki. Wote waliolitibu wamesikia neno 'kusita' kwa Daktari. Kusita kwa wapi? Mwanzo au mwisho? Mimi siwezi kusikia. Wewe utanisikilizia, halafu utaniimbia."

Akakata kipande cha mpira wa redieta, kirefu kama mkono. Daktari akakaa kwenye usukani, Fundi kando yake, nami nikakunjwa nyuma kama chapati, kwenye kitu walichokiita kiti lakini ni rafu ya kuwekea kofia. Mwisho mmoja wa mpira ulikuwa mdomoni kwangu, mwingine kwenye sikio la kulia la Fundi. "Huo mpira ni wa nini?" Daktari akauliza. "Kipimo," akasema Fundi. Hakudanganya.

Tulishika barabara ya Kidatu, ile inayojikunja kwenye vilima kabla ya kushuka Kidodi na Ruaha kwenye miwa. Sijui niseme nini kuhusu kukaa ndani ya gari lile. Lami ilikuwa karibu mno, kana kwamba tumekalia ulimi wa barabara. Nyani walikaa ukingoni wakatutazama usawa wa macho, kama jirani. Kisha tukalifikia lori lililobeba magunia, linapanda kwa kuhema, na Daktari, mzee wa suti ya kaki, akatabasamu kitoto akatoka kulipita. Akakanyaga. Nikasikia gari likiinuka chini yangu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe wala kwa kwaya, mgongo wangu ukabandikwa nyuma, tukawa sambamba na magurudumu ya lori, na hapo hapo, katikati ya neno, sauti ikakatika. Kama mtu aliyefungwa mdomo. Gari likaelea. Juu, kwenye kona, likatokea basi.

Sikumbuki kupiga kelele, ila Fundi alisema sikio lake lilipona kwa dakika mbili. Daktari akakanyaga breki, akaliacha lori litangulie, akajichomeka nyuma yake, basi likatupita kwa honi ndefu na vumbi. Mbele kidogo tukapata mahali pa kusimama. Daktari alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anapumua kama aliyepanda mlima ule kwa miguu. Nikaelewa wakati ule, na sijaelewa vizuri hivyo tena jambo lolote, kwamba kusita si jambo dogo. Kuna mahali ukisita unakufa.

"Kasuku," akasema Fundi. "Sema."

Nikaweka mdomo kwenye mpira. Nikaliiga gari, kuanzia linapoinuka mpaka linapokatika. "Tena," akasema. Nikarudia. "Mwanzo wake, kulikuwa na kimya?"

"Hakukuwa na kimya. Limeitika hapo hapo. 'Maraha' yote imetoka, tena nene. 'Ba' ndiyo haipo."

"Una uhakika?"

"Fundi, ningekuwa nadanganya ningechagua sehemu ambayo sikukaribia kufa."

Akageuka kwa Daktari, uso umewaka. "Daktari, gari lako halisiti. Gari lako lina njaa." Nikaona wazee wawili wakitazamana ndani ya kigari kile, mmoja bado ameng'ang'ania usukani na mwingine anacheka, na mimi nyuma na mpira wa redieta mdomoni, nikajisikia nipo mahali patakatifu. Naandika hivyo nikijua wenzangu bwenini watanicheka mwezi mzima.

Lakini njaa ilitoka wapi? Kesho yake Fundi alifungua kila kitu. Chujio la mafuta, safi. Pampu, mpya, inasukuma vizuri. Akapuliza bomba, likapitisha. Akawasha, likanguruma kama malaika. Saa saba mchana alikuja kukaa kwenye banda letu bila kunawa, jambo ambalo Mama Mdogo hakuwahi kumruhusu mtu yeyote, na siku hiyo alimruhusu. Mlangoni mwa gereji wale wa stendi walikuwa wameanza kutawanyika kwa tabasamu. Daktari alikuwa anachambua miiba ya samaki kwa utulivu wa mtu aliyekata tamaa kistaarabu. "Si kosa lako, Fundi," akasema. "Nilikwambia, lilianza Ulaya. Ya Ulaya humalizwa Ulaya."

Mimi nilikuwa natia mchuzi. Na Mungu aliyeniumba hivi anajua kwamba sikuwa na akili yoyote kichwani, nilitaka tu watu wacheke, maana meza ilikuwa kama ya msiba. Nikasema, "Samahani, Daktari. Ulaya ipi? Ya Wazungu, au hii yetu ya njia ya Kilosa?"

Mama Mdogo akainua mwiko. Kwa wasiotoka kwetu: kuna kijiji kinaitwa Ulaya, ukitoka Mikumi kwenda Kilosa, na kila mtoto wa huku akipita hapo kwenye basi hutangaza kwamba amefika Ulaya bila pasipoti. Ni utani wa zamani kuliko mimi. Lakini Daktari hakucheka. Alinishangaa kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Hii yetu," akasema. "Ile ya Wazungu nilisoma tu huko, gari nikalileta likiwa zima kama yai, nimelitumia miaka yote halina neno. Lilianza hapo Ulaya, mwaka jana. Nilikuwa natoka Kilosa, mafuta yakaniishia."

Mwiko wa Mama Mdogo ukabaki hewani. Mafundi wa Dar na wa Morogoro, na vifaa vyao vyote, walikuwa wanatibu gari la Ulaya nyingine.

Fundi alikuwa ananiangalia mdomo, nikamrudishia yote, polepole, kila neno. Akasimama. "Mafuta ulipata wapi?"

"Kijana mmoja aliniletea kwenye dumu."

"Dumu lilikuwa na nailoni mdomoni?"

Hapo kila mtu kwenye banda aliacha kula. Kwetu hakuna dumu lisilo na nailoni. Mfuniko haubani, unaweka kipande cha nailoni juu ya mdomo wa dumu, unakaza mfuniko juu yake, hata kama ni mafuta ya kula, hata kama ni togwa. Daktari akaweka kijiko chini. "Lilikuwa nayo," akasema. "Alifungua kwa haraka, mvua ilikuwa inakuja. Nailoni... sikumbuki kuiona tena."

Waliokuwa wametawanyika walirudi mbio. Tangi lilishushwa, likamwagwa, Fundi akaingiza waya aliokunja ncha kama ndoano, akavua kama dakika kumi, na akatoa kitu. Kipande cha nailoni, laini, kinachoonyesha upande wa pili, saizi ya kiganja changu, kama ngozi ya kitunguu. Akakiinua juani kikidondosha petroli. Akakieleza kwa vidole: gari likitembea taratibu, nailoni inaelea zake. Ukikanyaga, bomba linavuta kwa nguvu, nailoni inakuja kujibandika mdomoni, gari linakosa pumzi. Ukiachia, nayo inaachia, unapofungua kila kitu kiko safi. Miezi yote ile kitu chepesi kuliko jani kilikuwa kinamkaba koo mnyama yule wa chuma. Nilikitazama mpaka macho yakaniwasha. Sijui nilikuwa nashangaa nini zaidi, nailoni, au mzee asiyesikia aliyeisikia.

Tulirudi kwenye mlima ule ule. Lori lingine, kona ileile, safari hii barabara tupu mpaka juu. Niliweka mpira tayari. Daktari akakanyaga, na gari likaitika. Neno zima. Likalipita lori na bado lina neno, likafika juu ya kilima na bado. Nikageuka kumwimbia Fundi, lakini alikuwa ameusukuma mpira kando. Kiganja chake kilikuwa juu ya dashibodi, kimefunguka, macho amefumba, na machozi yalikuwa yamefuata mikunjo ya grisi usoni. "Acha, Kasuku," akasema. "Hili nalisikia mwenyewe."

Jioni hiyo wakati wa kufunga nilibaki. Alivua kofia, akaikabili barabara, akaanza mambo yake. Nilimuuliza, akanieleza, sentensi mbili tu. Sikuiga sauti ile tena. Nimemuiga kila mtu tangu hapo, hadi askofu, lakini ile niliiondoa kwenye mkusanyiko.

Sasa turudi kwenye jiko la msiba, ambako vitunguu vyangu vilikuwa havijaisha. Nilisema. Nilianza na vikombe vilivyoanguka, nikaenda mpaka kwenye mpira wa redieta, na mahali pa kuchekesha walicheka, wakiziba midomo kwa kanga kwa sababu ya wafiwa. Nilipomaliza, Mama Chausiku alikuwa ameacha kupepeta. "Kwa hiyo miaka mitatu," akasema, "nilikuwa nasalimia mgongo."

"Ndiyo, mama. Lakini alikuwa anakuitikia."

"Lini?"

"Saa kumi na mbili jioni, akifunga. Aliniambia, 'Najua wapo walioniamkia leo nisiwasikie. Silali na salamu za watu.' Ndiyo yale ya kuongea na barabara."

Ungo ukalala mapajani mwake. Huko mbele ya nyumba nilisikia gari la Daktari Elieza likifika, nalijua kwa sauti. Mama Chausiku akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyeagizwa, "Saa hizo mimi nimeshaondoka stendi. Alikuwa anasemaje?"

Nikasita. Marehemu haigizwi, hilo hata mimi nalijua. Nikaangalia kina mama wote wale, mmoja mmoja, na wote walikuwa wananiangalia mdomo. Nikaweka kisu chini, nikanyoosha mgongo, nikatoa sauti ile niliyokuwa nimeitunza miaka miwili bila kuigusa, kavu, ya juu kidogo kuliko inavyotakiwa, ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba. Marahaba, mwanangu."

Mama Chausiku akainamisha kichwa, kama mtu aliyewekewa mkono juu yake.